Andika lengo lako kama unavyokabidhi zamu

Mimi ni muuguzi wa wodi ya upasuaji, huu mwaka wa kumi na nne. Mkesha wa mwaka mpya nimeupitishia kazini mara nyingi kuliko nyumbani. Mkesha mmoja, kama saa nane usiku, wodi ilikuwa imetulia, dripu zinadondoka taratibu na hakuna anayeita. Nilichukua boksi tupu la glavu, nikalipasua, nikaandika malengo ya mwaka upande wa ndani ulio mweupe. Yalifika kumi na moja: kupunguza simu, kujifunza kuogelea, kuweka akiba, kumpigia baba mara kwa mara, na mengine saba ambayo utaona punde kwa nini siwezi kukutajia. Nikalikunja, nikalitia mfukoni mwa sare, nikajiona mtu mpya kabisa mpaka kulipopambazuka.

Wiki ya pili ya Februari sare ile ilitoka kwenye mashine ya kufulia ikiwa na uji wa karatasi mfukoni. Nilikaa chini nikajaribu kuyakumbuka yale kumi na moja. Yalinijia manne.

Kushindwa hakukuniuma sana, nimeshazoea. Kilichoniuma ni kwamba kazini nisingekubali maandishi ya namna ile. Inchaji wetu wa kwanza, yaani muuguzi msimamizi wa wodi, mama mmoja mkali mwenye sauti ndogo, alikuwa akikuta umeandika "mgonjwa anaendelea vizuri" anakurudishia faili hata kama umeshavaa nguo za nyumbani. "Sista, vizuri ndiyo presha ngapi? Amekunywa kiasi gani, amekojoa kiasi gani? Huyu anayepokea zamu hayumo kichwani mwako." Tukanuna, tukaandika upya.

Sasa fikiria: wewe wa Desemba unamwandikia nani? Unamwandikia wewe wa Machi. Huyo ndiye anayepokea zamu. Atakuwa amechoka, ana mambo yake, na ile raha ya mkesha haimo tena mwilini mwake. Ukimwachia "kupunguza simu" umemwachia "mgonjwa anaendelea vizuri". Tangu nilipolitambua hilo, malengo yangu nayaandika kama ninavyoandika mpango wa huduma wa mgonjwa, na ndivyo nitakavyokueleza hapa.

Pima kabla ya kuandika chochote

Mgonjwa akiingia wodini hatuanzi na mpango. Tunaanza na joto, mapigo ya moyo, upumuaji, presha, na maumivu kwa namba kati ya 0 na 10. Bila vipimo vya kuanzia, kesho hutajua kama amepanda au ameshuka. Watu wengi hatua hii wanairuka kwa sababu haina shangwe. Kuandika "nitasoma vitabu 30" kunafurahisha. Kugundua kwamba mwaka jana ulimaliza viwili hakufurahishi.

Chukua kijidaftari, na kwa siku saba mfululizo andika ulichofanya, kila baada ya saa mbili tatu, kabla hujasahau. Usijirekebishe wiki hiyo. Mgonjwa anayejikaza daktari akipita anatuharibia chati. Wiki ina saa 168. Zangu zilikuja hivi: kazi 48, kwenda na kurudi kazini 9, usingizi 45, shughuli za nyumbani 21. Zilibaki 45. Kati ya hizo 12 nilikuwa na watu wangu, 17 nilikuwa na simu, tena nyingi kitandani nikiwa nimejifunika, na 16 sikuweza kuzieleza hata kwa kubahatisha. Kumbe ile "sina muda" yangu ya miaka yote ilikuwa na saa 17 za simu ndani yake.

Upande wa fedha, pitia taarifa ya akaunti ya miezi mitatu na uzungushie kalamu kila matumizi usiyoyakumbuka. Inatosha, usigeuke mkaguzi.

Kipimo cha mwisho ndicho kinachonipendeza zaidi, labda kwa sababu ya kazi yangu. Yatazame malengo yako yaliyopita na uyaandikie tarehe ya kifo na sababu. Akiba yangu ilikufa mwisho wa Januari, kwa kuwa nilipanga kuweka "kitakachobaki", na hakikubaki kitu. Kuogelea hakukufa, maana hakukuwahi kuzaliwa: sikuwa nimeuliza hata bwawa linafunguliwa saa ngapi. Simu ilikufa tarehe 3, zamu ya usiku ya kwanza. Ukiona sababu ileile imejirudia mara mbili au tatu, hiyo ndiyo unayotakiwa kuipangia, kabla hata ya lengo lenyewe.

Nani ahudumiwe kwanza

Kwenye chumba cha dharura watu hawahudumiwi kwa mpangilio wa kufika, wala kwa ukubwa wa kelele. Chagua malengo mawili. Matatu kama una ukaidi. Mshika mbili moja humponyoka, na mimi nilishika kumi na moja.

Kwenye kuchagua nina sharti moja ambalo silegezi: kila lengo liwe na mchangiaji wake, kama damu. Saa zake zinatoka wapi? Fedha zake zinatoka kwenye matumizi gani? Kuogelea kulihitaji saa tatu kwa wiki, pamoja na njia. Nikaandika kando: "kutoka kwenye zile 17 za simu". Lengo lililoshindwa kutaja mchangiaji sikulipokea, hata lilipokuwa zuri. Kozi ya kujiendeleza niliyokuwa naitamani ilihitaji saa kumi kwa wiki, na kila nilipojaribu, mchangiaji alikuwa usingizi. Nimeona muuguzi asiyelala akikosea hesabu ya dawa. Niliiacha mwaka ule.

Angalia pia kama lengo ni lako. Moja kati ya yale saba yaliyofuliwa nilikuja kulikumbuka baadaye, siku shangazi aliporudia mzaha wake kuhusu mwili wangu. Lilikuwa "kupunguza uzito". Presha yangu nzuri, sukari nzuri, ngazi napanda bila kuhema. Lengo lilikuwa la shangazi, nikamwachia mwenyewe.

Sentensi yenyewe

Hapa usiharakishe, maana ndipo kazi ilipo. Kwenye mpango wa huduma hatuandiki "mgonjwa apate nafuu". Tunaandika: "Ndani ya siku 2 mgonjwa atatembea mita 10 kwa fremu ya kutembelea, akisaidiwa na mtu mmoja." Yeyote anayepokea zamu atasimama mlangoni, atazame, aseme ndiyo au hapana. Hicho ndicho kipimo cha sentensi nzuri ya lengo: mtu asiyekujua aisome, akutazame, aweze kujibu.

"Kujifunza kuogelea" kukawa "Kufikia tarehe 30 Juni niogelee mita 25 bila kushika ukingo wala kukanyaga chini". "Kumpigia baba mara kwa mara" kukawa "Baba asikie sauti yangu mara moja kila wiki, kwa simu niliyopiga mimi". Nilisisitiza "niliyopiga mimi" kwa sababu najijua: akipiga yeye ningejiwekea tiki.

Hili si wazo la wauguzi peke yao. Mwanasaikolojia Edwin Locke aliandika mwaka 1968 kwamba malengo mahususi na yenye ugumu huwafanya watu wafanye vizuri kuliko kuambiwa "jitahidi uwezavyo", na yeye na Gary Latham wakalifuatilia jambo hilo kwa miongo mingi. Ile SMART, kifupi cha Kiingereza cha sifa tano za lengo zuri, inayobandikwa kwenye kuta za ofisi ilitoka kwa George Doran mwaka 1981. Siku hizi herufi ya A wanaitafsiri "linaloweza kufikiwa", lakini Doran aliiweka kwa maana ya nani amekabidhiwa kulitekeleza. Mimi naipenda ya zamani. Kwenye akiba nilijiuliza nani atatekeleza, na jibu halikuwa mimi. Nilijaza fomu, benki ikaanza kukata asilimia 5 siku mshahara unapoingia. Tangu hapo sijahitaji nidhamu yoyote upande huo. Kila unapoweza kumkabidhi lengo mtu au mtambo usiochoka, mkabidhi.

Kuna hadithi inazunguka sana kwamba wahitimu wa Chuo Kikuu cha Yale, Marekani, wa 1953 walifuatiliwa kwa miaka 20, na asilimia 3 walioandika malengo wakawa matajiri kuliko wengine wote kwa pamoja. Watu walipoutafuta utafiti huo waligundua haukuwahi kufanyika. Kwa hiyo andika, lakini usiandike ukingojea muujiza wa kalamu. Unaandika ili yule wa Machi asome.

Jambo jingine kuhusu sentensi: mwambie utakachofanya, usimwambie utakachoacha tu. Huko Sweden watafiti waliwafuatilia watu 1,066 walioweka maazimio ya mwaka mpya, na matokeo yakachapishwa 2020. Baada ya mwaka, waliolenga kufanya kitu walijiona wamefaulu kwa asilimia 58.9, na waliolenga kuepuka kitu kwa asilimia 47.1. Naamini kabisa, maana "usishike simu" haikumpa mkono wangu kazi nyingine. Nililigeuza: simu inalala sebuleni kwenye chaja, na kwenye meza ya kitandani kinalala kitabu. Mkono ukipapasa usiku, unakutana na kitabu. Nilinunua na saa ya mezani, kwa sababu kisingizio changu kikubwa kilikuwa "nahitaji alamu".

Halafu tenganisha lengo na hatua. Kutembea mita 10 ni lengo la mgonjwa. Kumwinua kitandani mara tatu kwa siku, kumpa dawa ya maumivu nusu saa kabla, hizo ni hatua zangu. Lengo siliwezi kwa mkono wangu, hatua naziweza. Chini ya kila lengo andika hatua mbili au tatu, na chati yako ya kila wiki ihesabu hatua tu. Mita 25 zitajileta au hazitajileta, lakini kwenda bwawani mara mbili kwa wiki ni juu yako.

Lini hasa, kama ratiba yako haitulii

Ushauri wa "kila siku saa kumi na moja alfajiri" umeandikwa na watu wasiofanya zamu. Mimi saa kumi na moja alfajiri ya wiki hii nimelala, ya wiki ijayo nabadilisha bandeji. Nilihangaika na jambo hili miaka mingi mpaka nikaacha kufunga hatua kwenye saa, nikazifunga kwenye tukio.

Peter Gollwitzer, mwanasaikolojia wa Ujerumani, alieleza hilo mwaka 1999: mtu anayejipangia "ikitokea hivi, nitafanya vile" hutekeleza zaidi kuliko anayebaki na nia peke yake. Mwaka 2006 yeye na Paschal Sheeran walikusanya majaribio 94, na mbinu hiyo ilisaidia kweli. Zangu zilikuwa hizi. Siku ya kwanza ya mapumziko nikiamka, navaa nguo za kuogelea kabla ya kitu kingine chochote, na nguo za kawaida juu yake. Zamu ya kwanza ya wiki ikiisha, nampigia baba nikiwa bado sijatoka getini. Taa ya sebuleni ikizimwa, simu inabaki huko.

Ukishaandika za siku nzuri, andika na za siku mbaya. Nikikuta bwawa limejaa, natembea dakika 30 na kurudi siku inayofuata. Baba asipopokea, namwachia ujumbe wa sauti na kupiga kesho yake mchana. Hapa ndipo ile orodha yako ya sababu za vifo inapolipa: kila sababu iandikie "ikitokea" yake.

Watakwambia tabia hujengeka kwa siku 21. Namba hiyo inatokana na Maxwell Maltz, daktari wa upasuaji wa kurekebisha maumbile, aliyeandika mwaka 1960 kwamba wagonjwa wake huchukua angalau kama siku 21 kuizoea sura mpya kwenye kioo. Hilo la kuzoea sura, mimi niliyetoa bandeji za watu naliafiki. Ila kuzoea pua mpya na kuzoea kuamka kwenda bwawani ni mambo mawili. Mtafiti Phillippa Lally na wenzake wa London walifuatilia watu 96 wakijenga tabia moja moja, na muda wa kati ulikuwa siku 66, wengine wakikadiriwa 18, wengine 254. Kwa hiyo ikifika Januari 21 na bado unajivuta kwa nguvu, huna kasoro yoyote. Watafiti haohao waliona kwamba kuruka siku moja hakuharibu ujenzi wa tabia.

Nawe si lazima uanze Januari mosi. Mimi tarehe hiyo huwa nimelala kutokana na usiku. Watafiti Hengchen Dai, Katherine Milkman na Jason Riis walionyesha mwaka 2014 kwamba watu huenda mazoezini zaidi mwanzoni mwa wiki, mwanzoni mwa mwezi, mwanzoni mwa mwaka na hata baada ya siku ya kuzaliwa. Milango ni mingi. Mimi huanza na ratiba mpya ya zamu ya kwanza baada ya sikukuu.

Ongeza muda, kisha ongeza tena

Mwaka 1994 mwanasaikolojia Roger Buehler na wenzake waliwauliza wanafunzi wa shahada watamaliza lini tasnifu zao. Kwa wastani walikadiria siku 33.9. Walitumia 55.5. Hawa walikuwa mwishoni mwa kazi, wanaijua, na bado. Tarehe utakayoiandika, zidisha muda wake kwa moja na nusu, na kama ni jambo hujawahi kulifanya, mara mbili. Mimi sikulijua hilo nilipoandika Juni 30.

Kukabidhi kila wiki

Mpango usiopitiwa ni karatasi tu. Kila mwisho wa wiki yangu ya kazi, iwe Jumanne au Jumapili, naandika mistari mitatu: nilichofanya (kwa namba), kilichonizuia, kinachofuata. Dakika tano. Mwezi wa kwanza nilikuwa najieleza kurasa mbili, najihukumu, najisamehe. Ni upuuzi. Chati haina sehemu ya majuto.

Kisha namsomea mwenzangu mmoja wa wodini, naye ananisomea yake. Tulikubaliana kuulizana swali moja tu, "kinachofuata ni nini?", na tusipeane moyo. Najua inasikika vibaya, lakini tukipeana moyo huwa tunaishia kwenye umbea na chati inabaki mkobani.

Machi nilipata maambukizi ya sikio la nje, yale yanayowapata waogeleaji. Daktari akanikataza maji, wiki tatu zikapita. Nilikuwa nimeshafika mita 8. Hapa ndipo malengo mengi hufa, siku ya kurudi kuliko siku ya kuanguka. Wahenga wana msemo kwamba siku njema huonekana asubuhi. Nawaheshimu, ila nimeona wagonjwa waliokuwa taabani saa mbili asubuhi na jioni wanaomba chakula. Mgonjwa akirudi nyuma hatufungi faili, tunampima upya na kuandika mpango kutokana na vipimo vya leo. Aprili nilirudi nikaandika mita 5, siyo 8, na tarehe nikaisogeza.

Na kuna malengo ya kusimamisha. Daktari akisimamisha dawa, haachi tu kuitoa. Anapiga mstari, anaandika tarehe, sababu, na sahihi yake. Fanya hivyohivyo. Lengo lako la kitabu kimoja kwa wiki likikufanya usome vitabu vyembamba ili kutimiza idadi, piga mstari, andika tarehe na sababu, tia sahihi. Mimi nililifanyia hivyo langu la vitabu mwezi Mei, nikabaki na kitabu kando ya kitanda bila idadi. Lengo lililosimamishwa kwa sahihi haliji kukusumbua usiku. Lililoachwa lioze lenyewe linakuja.

Mita 25 nilizipata Agosti 19, nikameza maji mengi, na nilipogusa ukuta wa upande wa pili mlinzi wa bwawa hakuniangalia hata. Akiba inaendelea bila mimi. Na baba, baada ya miezi kama mitano, alianza kujua ratiba yangu ya zamu kuliko ninavyoijua. Wiki iliyopita nilibadilishana siku na mwenzangu, nikachelewa kupiga. Simu ikaita mchana nikiwa nimelala, na ilikuwa sebuleni. Nilipoamka nilikuta ujumbe wake wa sauti: "Sista, naona leo hakuna ripoti."